Taa Iliyomezwa na Mfuko

Asubuhi hiyo cherehani ililia kabla chai haijapoa. Fundi cherehani wa mtaa wetu, tuliyezoea kumwita Sindano, hakuwa anashona sare wala gauni. Alikuwa anashona mfuko wa baiskeli yake.

"Mke wangu, mfuko huo utabeba nyumba nzima!" mumewe akamtania.

"Nyamaza wewe! Kesho naenda mpaka mji wa pili na kurudi. Njaa ikinishika njiani, utaniletea chakula?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye msafara mrefu wa baiskeli. Alikuwa amefanya mazoezi miezi mingi, jua lake, mvua yake. Msafara ungeanza alfajiri, giza bado. Mkaguzi wa msafara alishasema: baiskeli ambayo taa zake hazionekani haiondoki.

Jioni, giza likiingia, Sindano akaufunga mfuko nyuma ya kiti. Akatia pampu, viraka, tyubu ya akiba, koti la mvua na mikate. Mfuko ukatuna. Akaupigapiga kwa fahari.

Jirani yao, mama anayeendesha lori, alikuwa anarudi kutoka kazini. Watu humwita Honi kwa sababu ya sauti yake.

"Mwenzangu, umejipanga! Taa umezijaribu?"

"Zamani! Nimezichaji, nikaziwasha sebuleni, zikawaka vizuri."

"Sebuleni hakuna lori," Honi akasema. "Shemeji, hebu washa taa, panda baiskeli. Wewe Sindano, njoo tusimame huku nyuma, mahali ninapokuwaga na lori langu."

Mume akapanda na aproni yake ya jikoni. Akaenda anayumba mpaka karibu na kona. Wanawake wakacheka mpaka machozi. Kisha Sindano akakaza macho.

"Mbona simwoni? Taa imezimika?"

"Haijazimika. Imemezwa na mfuko wako."

Kweli. Taa nyekundu ilikuwa chini ya kiti, na mfuko uliojaa uliifunika yote.

"Mungu wangu! Ningetembea hivi mbele ya malori? Na mkaguzi angenirudisha nyumbani! Miezi yote ile, bure!"

"Pole, bado hujaondoka," Honi akamwambia. "Kwanza funga mzigo wote, ndipo ujaribu taa. Mtu asimame mbali, gizani, akuangalie kwa nyuma. Na ile ya mbele iinamishe kidogo, imulike barabara. Usiwapofushe wanaokuja."

"Sasa hii ya nyuma niipeleke wapi?"

"Unaniuliza mimi? Fundi ni nani hapa?"

Sindano alishaingia ndani mbio. Akashona ukanda imara mgongoni mwa mfuko, akaichomeka taa hapo, ikakazika. Pembeni akaongeza utepe unaong'aa ukimulikwa.

Mume akapanda tena. Safari hii mwanga mwekundu ulionekana tangu mlangoni mpaka kwenye kona.

"Huyooo!" Honi akapaza sauti. Majirani wakachungulia madirishani.

Alfajiri, mkaguzi aliizunguka baiskeli, akaugusa ukanda.

"Huu umeununua wapi?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Safi sana. Pita, mama."

Baiskeli zikaondoka kwa wingi. Mumewe alibaki barabarani, macho hayabanduki kwenye taa moja.

Alasiri Sindano alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, anaimba. Nyuma yake waendeshaji wengine walikuwa wanapiga kelele, "Fundi, na sisi utushonee!"

Mumewe akamkumbatia na vumbi lake lote.

"Niliogopa kweli," akasema. "Lakini nilikuona mpaka konani."