Tangi Lililolala Wazi

Rezini, ile gundi ya faibaglasi, ikianza kuganda hupata moto. Ukiiwekea kiganja, unakitoa mbio. Asubuhi ile Kuno alikuwa amepaka tabaka bichi kwenye ubavu wa tangi, na Batula mkewe alipoligusa alikuta baridi, baridi ya maji ya kisimani, ilhali tabaka lenyewe lilikuwa limeshakauka ngumu kama jiwe.

“Kuno, uliweka dawa ya kugandisha?”

“Si ni wewe ulichanganya?”

Kweli, ni yeye aliyechanganya.

Tangi lilikuwa la dizeli, la boti ya kule Loiyangalani, ziwani. Boti, hapa Isiolo! Majirani walicheka mpaka wakachoka, maana karakana ya Kuno ilijulikana kwa kuziba matangi ya maji na kuunga bampa za malori. Lakini Kuno alikuwa fundi, wallahi, na kazi hii aliipenda. Alilaza nyuzi za faibaglasi tabaka juu ya tabaka, akajenga ukuta wa kati ndani ili mafuta yasirukeruke mawimbi yakija, akaacha mlango juu, wa kupitisha mabega ya mtu.

Mlango huo ndio ulioleta balaa. Nyumbani kwa Batula, jua likizama, hakuna chombo kinacholala wazi. Maziwa, maji, hata sufuria tupu, vyote hufunikwa kwa bismillahi, kama alivyofanya mama yake na nyanya yake, kwa sababu chombo kilicholala wazi hukaribisha asiyealikwa. Jioni ya jana yake alikuwa ameshika kipande cha mbao ili afunike tangi, Kuno akamcheka.

“Hiyo si kibuyu ya maziwa, bana. Wacha ipate hewa, la sivyo itakauka vibaya.”

Akaona haya, akaweka mbao chini. Jamani, laiti angekuwa mbishi siku hiyo!

Sasa palikuwa na harufu. Si ile kali ya rezini inayokwaruza koo. Hii ilikuwa harufu ya mvua ikigonga vumbi, na mbingu haikuwa na wingu hata moja. Ilitoka ndani ya tangi.

“Usiingie,” Batula akanong'ona.

“Nimebakisha kupaka huo ukuta wa kati tu. Nipe rola.”

Akavaa barakoa, akapenyeza mabega, akazama. Batula alisikia rola ikisugua, halafu ikakoma. Akaita. Kimya. Akaita tena, na alipoinama mlangoni aliona giza kubwa kuliko tangi lenyewe, na katika giza hilo kitu kikavuta pumzi ndefu.

Kisha Kuno akatoka. Hakuwa na barakoa. Akasimama uani, akajinyoosha, akatabasamu. Sasa, kila atokaye kwenye faibaglasi hujikuna. Nyuzi zile huingia ngozini, na tangu Batula aolewe hajawahi kumwona mumewe akimaliza kazi bila kujikuna shingo na mikono mpaka usingizi umchukue. Huyu hakujikuna. Alichukua kifuniko cha tangi, akakigandisha mlangoni kwa rezini kwa mikono mitupu, akaenda kunawa.

Ndipo tangi likagongwa kutoka ndani, polepole.

“Batula. Nifungulie. Siwezi kupumua.”

Sauti ilikuwa ya mumewe kabisa. Na Batula alipogeuka, mumewe alikuwa bombani, maji yakimtiririka vidoleni, akimtazama.

“Umesikia kitu?” akamuuliza kwa upole.

“Sijasikia,” akasema Batula.

Akatoka mbio kwenda kwa Sheikh Halake, aliyewafungisha ndoa. Sheikh alikuja mchana huohuo na ubani na chupa ya maji, akaketi mkekani, akaanza kusoma, na yule Kuno wa nje akaja akaketi mkabala naye, akasoma naye aya kwa aya, kisha akamtangulia, kwa sauti tamu ambayo haijawahi kutoka kooni mwa Kuno, huku yule wa ndani ya tangi akilia na kuita jina la mkewe, na harufu ya mvua ikipanda mpaka ubani ukazimika wenyewe, na jasho likimdondoka Sheikh kidevuni, mpaka mzee wa watu akafunga mdomo.

Akamvuta Batula nje ya lango.

“Binti yangu, nisamehe. Huyu ameshachukua mwili, na mimi simuwezi. Mumeo amebaki bila mwili, ni hilo tangi linamshikilia. Ukilivunja, atapotea kabisa.”

“Na nisipolivunja?”

Sheikh akatazama chini. “Utakuwa unamsikia.”

Batula alirudi, akachukua grainda ya kukatia faibaglasi, akaiweka chini, akaichukua tena. Yule aliyevaa uso wa Kuno akaja nyuma yake, akaushika mkono wake, akausogeza kwenye tangi.

“Kata,” akamnong'oneza sikioni. “Kata tu, mke wangu, apumzike.”

Batula akaitupa grainda. Akalikumbatia tangi akalia kwa uchungu, akimwambia aliye ndani kwamba yuko hapa, haendi popote, na aliye ndani akatulia kidogo.

“Usiniache,” akasema.

Alasiri pikapu ya mwenye boti ikaingia uani. Batula akamwambia dereva, Mmeru mmoja aliyeitwa Ntongai, kwamba ndani ya tangi mna mtu. Ntongai akaligonga, akatega sikio, kisha akamgeukia Kuno kwa huruma.

“Mama ni mgonjwa?”

“Ni hii rezini. Imemlevya.”

Wakambandua Batula vidole tangini kimoja kimoja. Wakalipandisha tangi garini.

“Mwenye boti anataka ingine ya pili,” Ntongai akasema akifunga kamba. “Itachukua muda?”

“Haitachukua. Hiyo, mke wangu ndiye ataingia kupaka ndani.”

Tangi likatikisika kwenye kamba zake. “Batula, usikubali! Kimbia, Batula!” Ntongai akakaza fundo la mwisho huku akipiga mluzi, hakusikia kitu.

Batula akafungua mdomo aseme hapana, akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu bila ridhaa yake, bila hofu yoyote:

“Inshallah.”