Chiriku Amefutwa Kwenye Faili Zote

Walikutana kwenye duka la kuchapisha, watu wamesongamana kaunta kama wanagawiwa vya bure. Binti alikuwa mhariri, gauni la kijani, hasira puani kwa sababu kuna mtu alikuwa amemruka foleni. Mrukaji alikuwa fundi wa kompyuta, shati jeupe limenyooshwa mpaka kola. Akageuka, akamwona, akampisha. Yakaanza hapo: simu asubuhi, simu mchana, "umekula, mpenzi?" hata kama wametoka kula pamoja.

Binti alikuwa na kazi moja tu iliyomkaa moyoni. Baba yake alimsimulia maisha yake, naye akayaandika, kila simulizi faili yake. Kisha mzee akapata kiharusi, akapoteza kauli. Sauti yake ikabaki kwenye faili hizo tu.

"Nipangie kurasa tu, laazizi," alimwambia fundi akimkabidhi kompyuta. "Maneno usiguse."

Usiguse! Ndiyo kwanza akakunja mikono ya shati.

Jioni akapiga simu. "Malkia wangu, nina zawadi. Mzee mara anasema Chiriku, mara mke wangu. Msomaji si atachanganyikiwa? Nimebadilisha faili zote kwa mpigo mmoja. Sasa kote ni mke wangu."

Binti akaishusha simu sikioni, akaitazama.

"Mpenzi?"

"Chiriku ni mama yangu. Marehemu mama yangu! Akisema mke wangu ni mama mdogo, aliyeolewa baadaye."

"Basi narudisha sasa hivi..."

"Unarudisha nini, mpumbavu wewe? Kompyuta itajua yupi ni yupi? Si na mama mdogo atageuka Chiriku? Nakala ya zamani iko wapi?"

"Nilihifadhi juu yake, imefutika."

Alimporomoshea matusi ambayo mimi siyaandiki ng'o, kisha akaifungia namba yake.

Kesho yake fundi alibisha hodi, kurasa kwapani, macho mekundu.

"Umefuata nini?"

"Nimeharibu, nitengeneze. Niko tayari hata kupigwa."

"Mwache aingie," alisema mama mdogo. "Soma, mwanangu. Nitakwambia yupi ni yupi."

Mzee alikuwa amelala kitini. Binti alikunja uso pembeni. Mengine aliyakumbuka, mengi yalishampotea.

"Mke wangu alicheka mpaka tukafukuzwa ukumbini," fundi akasoma.

"Siyo mimi. Mimi hajawahi kunichekesha hivyo. Andika Chiriku."

"Mke wangu alinifulia mwaka mzima bila kununa."

"Huyo mimi."

Wakaenda hivyo, kucheka kwa Chiriku, kufua kwa mama mdogo, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Bila mke wangu, mimi nisingekuwa mtu."

Mama mdogo akatazama sakafu. "Chiriku," alisema.

"Hapana," binti akadakia kwa ukali. "Hilo nalikumbuka. Alikusema wewe."

Mama mdogo akajifunika uso kwa viganja, akalia.

Fundi alijua ni uongo. Jina la Chiriku alikuwa ameliona pale kwa macho yake kabla ya kulifuta. Kalamu ikasita, kisha akaiweka mezani, sentensi akaiacha ilivyo.

Binti akamvuta mpaka mlangoni. "Ukithubutu kusema, nakuua."

"Sisemi."

"Na hasira zangu hazijaisha. Mama yangu nimemnyang'anya sentensi yake mimi mwenyewe sasa, kwa sababu yako!"

"Najua."

"Unajua nini? Lete wazee wako waje kuposa upesi," alisema, machozi yakimdondoka, "kabla sijakuchukia kabisa."