Matangazo ya Saa Saba

Nakhungu alikuwa sokoni Bungoma, mdomo umejaa muwa, alipojisikia mwenyewe akikohoa redioni.

Alikijua kikohozi chake. Miaka kumi na minne alikitoa kila siku saa saba mchana kabla ya kusoma matangazo ya vifo, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, na watu hadi Lwakhakha wakikisikia waliweka vijiko chini. Sasa kilitoka kwenye redio ya muuza nyanya, na nyuma yake sauti yake mwenyewe: "Ni masikitiko makubwa kutangaza kifo cha Mzee Wekoye wa Malakisi..."

"Leo unasoma vizuri, Mama Fridah," muuza nyanya akasema. Kisha akamkodolea macho. "Ala! Si uko hapa?"

Nakhungu akautema muwa. Kituo kilifungwa juzi.

Tuseme ukweli, kituo hicho kilikuwa kimekufa kabla ya kufungwa. Mwenyewe, Avtar, alikuwa mtu wa hadwea, akadhani redio huendeshwa kama duka la misumari. Leseni iliisha, faili ikaenda kulala Kitale, watangazaji wakahama mmoja mmoja hadi akabaki Nakhungu peke yake. Naye akashikwa na koo mwezi mzima. Masafa yakikaa kimya hupewa mwingine, kwa hiyo Avtar alifukua kwenye kompyuta matangazo ya vifo ya zamani akayarusha upya, moja kila siku, kwa mpangilio ule ule.

"Bwana Avtar, hao tulishawazika," Nakhungu alimnong'oneza. "Matanga yao yaliisha. Mtu hatangazwi mara mbili."

"Nani atakumbuka? Watu wanataka tu sauti yako, bana."

La kwanza lilikuwa la mzee wa Mabanga aliyelala kaburini miaka sita. Jua halijatua, mkaza mwanawe akaanguka jikoni, akafa. Likaja la Lwakhakha, na huko wakazika mama wa mapacha. Tangazo lilikuwa likidai maiti, na kwa kuwa mwenyewe alishazikwa, lilichukua aliyebaki nyumbani kwake. Ndiyo maana watu wa leseni walipotoka Kitale wakakata umeme, wakatia mlango kufuli na karatasi yenye muhuri, Nakhungu hakuililia kazi. Alishukuru.

Na sasa hili la Wekoye. Mpangilio aliujua, kwa sababu alisoma yeye. Baada ya Wekoye alikuja Sellah, mama mzazi wa Nakhungu mwenyewe. Katika boma la Sellah alikuwa amebaki mtu mmoja tu, Fridah, mtoto wa pekee wa Nakhungu. Kesho, saa saba.

Alipanda ngazi za duka la Avtar mbiombio kwa miguu yake mibaya. Juu, mbele ya mlango wa kituo uliofungwa, palinuka udongo mbichi wa kaburi na blanketi la mgonjwa. Ndani, mtu alikuwa akifunua karatasi polepole.

"Umeme hakuna," Avtar akanong'ona nyuma yake. Kilemba kilikuwa kimemlegea na hakujali. "Hata waya nimekata na mkono yangu."

"Vunja mlango."

"Hiyo ni muhuri ya serikali, Mama Fridah. Watanifunga."

"Heri wakufunge, wewe uliyekunywa chai juu ya vifo vya watu!"

Hakuvunja. Nakhungu akaenda Kitale alasiri hiyo hiyo, kwa yule aliyetia muhuri. Kipkemboi alikuwa mpole, tena alimpa kiti.

"Mama, hiyo masafa imelala fofofo. Angalia mwenyewe." Akamgeuzia mashine ya kupimia. Mstari ulikuwa umenyooka.

"Fungulia sauti."

Akafungulia ili amridhishe. Mstari haukutikisika, lakini spika ikakohoa. Kipkemboi akazima mashine. Ikakohoa tena. Akavuta droo, akachukua ufunguo.

Kesho yake saa sita walifungua mlango, na Mchungaji Wamalwa akatangulia na Biblia. Fridah naye alikuwepo, maana mama yake alikuwa amemkamata mkono tangu alfajiri. Kiti cha mtangazaji kilikuwa na joto la makalio ya mtu, maikrofoni ilikuwa imelowa mate mabichi, na mchungaji alipoanza kukemea jini kwa jina la Yesu ile harufu ikapanda hadi ikawakaa ulimini, karatasi zikajifunua zenyewe mezani, kuta zikakoroma kama redio inayotafuta stesheni, Avtar akapiga kompyuta nyundo huku akiomba kwa Kipunjabi na kulia, akapiga hata ilipokuwa vipande, akapiga hata meza, mpaka kitu kikapita katikati yao kikiwagusa mabega kama mtu anayetoka kanisani ibada haijaisha, na chumba kikanyamaza.

Udongo haukunuka tena. Pakanuka vumbi na jasho la wanaume.

Wakakaa na redio ndogo ya Avtar. Saa saba ikafika. Ikatoa mvumo mtupu. Saa saba na dakika tano, mvumo. Kipkemboi akafuta uso kwa tai yake.

"Mayi, niachilie," Fridah akamwambia mama yake akicheka. "Mkono inauma."

"Acha iume."

"Tushukuru," mchungaji akasema. "Mama Fridah, tuongoze kwa maombi."

Nakhungu akafumba macho. Akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Ni masikitiko makubwa kutangaza kifo cha Mama Sellah..."

Akajiziba mdomo kwa mkono uliokuwa huru. Sauti ikapita katikati ya vidole, safi, haina haraka, ikisoma neno kwa neno kama alivyolisoma miaka minne iliyopita, mchungaji akipiga kelele za Yesu juu yake na Kipkemboi akimvuta mabega, ikataja kijiji, ikataja kanisa, ikataja siku ya mazishi, mpaka ikafika kwa walioachwa. Siku ile alikuwa amesoma: ameacha binti mmoja na mjukuu mmoja.

"Ameacha binti mmoja," mdomo wake ukasema, ukafungika.

Na mkono wa Fridah ukaanza kupoa ndani ya kiganja chake.