Nilimtetea Mjerumani, Nikamsaliti Furaha

Nina miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Nakuru, fundi wa magari ya kale katika gereji moja ya Digbeth, hapa Birmingham. Naandika haya uso ukiniwaka kwa aibu.

Mwaka jana tuliletewa gari la Kijerumani lililoundwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nikasoma habari za mhandisi aliyebuni injini yake. Maskini! Alihama kiwanda hadi kiwanda, na kila alikokwenda matajiri walibandika majina yao kwenye kazi yake. Akafa hajulikani. Kila saa ya chai niliwasimulia wenzangu, nikifoka kana kwamba aliyeibiwa ni ndugu yangu wa damu!

Furaha alikuwa akinisikiliza. Huyu ni mama wa Kikongo, fundi mwenzangu, na tulisali kanisa moja. Sote wawili tulikuwa vibarua, na bosi alikuwa na nafasi moja tu ya kudumu...

Gari likakataa kuwaka. Nilihangaika nalo hadi nikasalimu amri. Furaha ndiye aliyegundua kwamba cheche za kuchoma mafuta zilikuwa zinawahi, zinaruka kabla ya wakati wake. Akarekebisha, akazungusha hendeli, injini ikanguruma! Tulikuwa wawili tu gerejini, tukapiga kelele kama watoto. Kisha akakimbia kumchukua bintiye shuleni.

Bosi akaingia, akauliza nani kaliwasha.

Nikasema ni mimi. Kwa nini? Hadi leo sijui... Hapana, najua. Niliitaka ile nafasi, na nikaipata.

Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa akili ya kuwasha injini iliyowashinda wote, na kwa kazi ya kudumu. Kina mama wakapiga vigelegele. Furaha hakupiga hata makofi.

Nje nikamwambia eti bosi alinielewa vibaya. Uongo juu ya uongo!

"Ulimulilia ule Mujerumani yako kila siku," akasema polepole. "Miye nilikuwa pembeni yako, ndugu. Jina yangu ilikushinda kutaja?"

Gereji ikamwachisha kazi. Sasa anasafisha wodi za hospitali huko Edgbaston, mikono ile ya fundi! Nilipopata ujasiri wa kuungama kwa bosi, miezi ilikuwa imepita. "It's done now, mate," akasema, yaani yameshapita, akarudi kwenye simu yake.

Wasomaji wenzangu, mkipewa kipaza sauti, mtajeni aliyewashika mkono kabla hamjasema amina. Msingoje kama mimi!

Furaha amehama kanisa. Mke wangu huniuliza alikosana na nani pale... nami hujifanya sijasikia.