Mgeni wa Tanuri la Chokaa

Kengele ya mkanda, ile inayolia abiria asipojifunga, ilianza kulia hata gari halijatoka maegeshoni. Shahida alikuwa kwenye usukani, amejifunga. Nyuma, mama yake, Bi Sughra, na binti yake wa miaka saba, Shaila, nao walikuwa wamejifunga. Kiti cha mbele, kando ya dereva, kilikuwa kitupu. Hakikuwa hata na mkoba.

"Gari limezeeka," akasema Shahida.

"Usilisingizie gari. Wewe na vitu vyako vya bei ya chee," akajibu mama yake, wakacheka. Kengele ikalia mpaka nyumbani kwao Malvern, kitongoji cha Toronto, mwendo wa saa nzima, ikanyamaza pale tu walipofungua milango.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili Bi Sughra aliligundua jikoni, alipofungua kopo la katlesi. Alikuwa amefunga katlesi kumi na mbili. Wao walikula tisa, tatu kila mtu, na ile ya tatu Shaila aliila kwa kununa. Lakini kopo lilikuwa tupu, na chini yake pamebaki vumbi jeupe lililonuka chokaa mbichi. Bi Sughra akaliosha mara mbili.

Mambo yalianzia mlimani, mchana wa siku hiyohiyo. Ilikuwa Oktoba mwaka 2012, wikiendi ya Sikukuu ya Shukrani ya Kanada, na Shahida, aliyechoka kusimama duka la dawa siku sita kwa wiki, alitaka wakaone majani yakibadilika rangi. Njia ilikuwa ya mzunguko, kilomita saba, si ngumu sana wala si ya kitoto. Wenyeji wanauita mlima. Bi Sughra, aliyewahi kuishi Moshi miaka miwili, aliuita kichuguu chenye majivuno, ingawa kichuguu hicho kilimtoa jasho mpaka akavua koti. Walipanda ngazi za mbao, wakapita ukingoni mwa genge, wakaona mashamba chini yao na, mbali kabisa, majengo marefu ya Toronto yamesimama kama njiti za kiberiti. Kisha njia ikateremka msituni hadi kwenye magofu ya wachoma chokaa wa zamani: kisima kilichozibwa kwa chuma, ukuta mmoja wa shule, na matanuri matatu ya mawe yaliyochimbwa ubavuni mwa mlima. Wakaketi kula mbele ya tanuri kubwa, wameligeuzia mgongo.

Walikuwa katikati ya kula waliposikia hatua nyuma yao, zikikanyaga majani makavu polepole. Sasa, Bi Sughra alizaliwa Lindi, na Lindi mtu hali mbele ya mpita njia bila kumkaribisha. Neno hutoka lenyewe, kama chafya. Basi, mdomo umejaa, bila kugeuka, akasema:

"Karibu, karibu tule."

Mpita njia hujibu kwamba ameshiba, ahsante, kuleni. Naye hushika njia yake. Huyu hakujibu. Hatua zikasimama.

"Mama, please," akanong'ona Shahida kwa aibu. "Wazungu hawayajui hayo."

Wakageuka pamoja. Nyuma yao hapakuwa na njia. Palikuwa na mdomo wa tanuri tu, na giza lake.

Tangu siku hiyo chakula cha nyumba ile hakikutosha. Bi Sughra, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kukosea kipimo cha wali, alipika vikombe vitatu na wao wakapata vya viwili tu. Akaongeza kikombe, kikaenda. Jioni, jua la huko likizama mapema, walipokuwa mezani wote watatu wametulia na vijiko viko chini, alisikia mtu akitafuna. Alitafuna polepole, kwa adabu, mdomo umefungwa.

Hayo angeyavumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni yaliyompata Shaila. Mtoto alikula vizuri kuliko zamani, akaomba nyongeza, akalamba sahani, na bado mashavu yakabonyea, viatu vikaanza kumvuka, na wiki ya tano mizani ya daktari ikaonyesha amepungua kilo nne. Vipimo vyote vilirudi visafi. Daktari akauliza kwa upole kama mtoto analishwa nyumbani, na Shahida akalia ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu.

Jioni hiyohiyo Bi Sughra aliona mjukuu wake akisogea pembeni, amekalia nusu ya kiti.

"Mbona umekaa hivyo, mwanangu?"

Shaila alielewa Kiswahili chote na kujibu Kiingereza chote. Akasema, bila kuinua macho kwenye sahani, kwamba mgeni hana pa kukaa.

Shahida alisimama, akamnyakua mtoto na kumkumbatia kifuani. Yeye aliyekuwa akisema majini ni hadithi za Lindi, sasa alimsukumia mama yake simu. "Mpigie Mzee Nazarali," akanong'ona. "Mpigie sasa hivi, Mama."

Nazarali alikuwa muosha maiti wa jumuiya yao ya Wahindi wa pwani, anayejua pia dua za majini, mtu mkavu asiyependa mizaha. Alifika kesho yake mchana, akavua viatu, akanusa hewa ya sebuleni.

"Chokaa," akasema. "Sughrabai, mlipokula kule, ulisoma bismillahi?"

"Nilisoma, Nazaralibhai. Wallahi nilisoma."

"Halafu?"

Bi Sughra akatazama mikono yake. "Halafu nikamkaribisha."

Mzee akashusha pumzi. Akaeleza kwa sauti ya chini, kama vile kuna mtu chumba cha pili. Aliyeingia bila kuitwa hufukuzwa kwa dua. Huyu aliitwa, tena kwenye chakula, na aliyealikwa hafukuzwi, huagwa. "Msindikizeni mpaka kwake. Zungukeni mlima wote, njia ileile. Mpe chakula, muage kwa heshima. Ila mwisho usiseme lile neno tunalowaambia wageni mlangoni. Ukimwita mara ya pili hatakuwa mgeni tena. Atakuwa mwenye nyumba."

Bi Sughra akaapa kwamba heri ang'oe ulimi. Mtoto hakuambiwa kitu. Kwa nini wamtie hofu? Mzee alipovaa viatu kuondoka, Bi Sughra akamsukuma Shaila begani kama kawaida yake.

"Babu anaondoka. Tunasema nini?"

"Bye," akasema Shaila.

"Bye, bye! Utaniaibisha mpaka lini? Mgeni akiondoka tunasema karibu tena."

Jumamosi asubuhi wakarudi mlimani. Kengele ya mkanda ililia njia nzima na hakuna aliyelisingizia gari. Majani yalikwisha pukutika, theluji nyembamba ilikuwa imeanguka, na walipanda zile ngazi wakiwa wamemweka Shaila katikati, Bi Sughra akibeba bakuli la wali wa moto kifuani na kusoma kila aya aliyoijua, huku nyuma yao hatua za mtu wa nne zikifuata, zikisimama waliposimama, zikiharakisha walipoharakisha, ukingoni mwa genge zikawa karibu kiasi kwamba harufu ya chokaa ikamwingia Bi Sughra kooni na akahisi kitambaa cha kichwa chake kikitikiswa na pumzi isiyo ya upepo, lakini hakugeuka, wala Shahida hakugeuka, mpaka wakafika magofuni.

Akaliweka bakuli kwenye mdomo wa tanuri.

"Umekula kwetu, umeshiba," akasema. "Hapa ndipo kwako. Tuwie radhi kwa yaliyopungua. Kwaheri."

Neno likamjia. Lilipanda lenyewe, miaka sitini ya malezi ikilisukuma, likafika ncha ya ulimi. Bi Sughra akauma ulimi mpaka akaonja damu.

Hatua zikampita ubavuni, zikaingia gizani. Harufu ikakatika.

Waliteremka karibu mbio. Ndani ya gari Shahida akawasha injini, wakasubiri, wameshikana mikono. Kimya. Kengele haikulia. Shahida akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Shaila akasema ana njaa, njaa ya kweli, anataka chipsi. Bi Sughra akambusu kichwani, akasema leo atakula chipsi za mji mzima.

Barabara ya kutokea ilipita chini ya magofu. Shaila akageukia dirishani, akatabasamu, akainua mkono wake mwembamba na kumpungia mtu. Akamtazama bibi yake kuhakikisha anasikia safari hii. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi ambacho Bi Sughra alikuwa amekisubiri miaka saba:

"Karibu tena."

Bi Sughra alimziba mdomo, lakini alichelewa. Kiti cha mbele kikadidimia kidogo, na kengele ya mkanda ikaanza kulia.