Nyaya za Mwanamkasi

Saa tano asubuhi, pale mpakani Horohoro, abiria wa mabasi matatu kutoka Mombasa walikuwa wamesongamana mbele ya meza ya forodha, kila mmoja akitaka mzigo wake ukaguliwe kwanza. Katikati yao alisimama kijana mrefu, shati la bluu la mikono mirefu limepigwa pasi likakubali, amekumbatia boksi dogo kifuani kama mtu aliyebeba kichanga. Jina lake Yasini, fundi wa gesi, na alikuwa na hofu.

"Fungua," alisema ofisa wa forodha.

"Afande, karatasi zake hizi hapa. Ni waya tu, lakini nakuomba usiuguse."

"Waya gani huo usioguswa?"

Boksi likafunguliwa. Ndani mlikuwa na kigurudumu cha waya wa rangi ya dhahabu, mwembamba kuliko unywele. Ofisa akauvuta ncha kwa kidole. Feni ya mezani ikapuliza, na waya ukaruka kutoka kwenye kigurudumu, ukajisokota juu ya meza, ukaning'inia pembeni, ukapotea machoni. Ulionekana tu pale ulipong'aa.

"Msisogee!" Yasini alipiga kelele. "Jamani, tafadhali, mtu asisogee!"

Watu wakacheka. Yeye alipiga magoti, akaanza kuutafuta kwa vidole. Waya ule ulisubiriwa miezi minne.

Msichana aliyekuwa nyuma yake hakucheka. Alikuwa amevaa buibui jeusi na ushungi wa rangi ya machungwa, begani ana mkoba uliojaa nyuzi za kudarizi alizonunua Mombasa. Alichuchumaa karibu yake.

"Hebu toa mikono yako. Unatetemeka, utaupiga mafundo."

Akachomoa pini mbili za ushungi wake, akaanza kuutenganisha waya, pindo moja baada ya jingine. Ofisa mwenyewe aliizima feni. Robo saa ikapita, na makelele ya abiria yakafifia kidogo kidogo kwa sababu kila aliyesogea alitaka kuona. Waya ulirudi wote kwenye kigurudumu, haukukatika hata mahali pamoja.

Yasini alishusha pumzi. "Dada, umejifunzia wapi mambo haya?"

"Nadarizi kofia. Pale Makorora uliza yeyote."

"Niulize kwa jina gani?"

"Mwanamkasi."

"Na mkasi wenyewe uko wapi?"

"Wa kukatia ndimi za wanaouliza sana? Umo mkobani, kaka. Nikutolee?"

Yasini alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kabla basi halijafika Tanga alikuwa na namba yake ya simu, na hakuipata kwa urahisi.

*

Waya ule ulikuwa wa karakana moja iliyopo Chumbageni, ambako mafundi tisa walitengeneza vyombo vya kunasa chembe ndogo ndogo zinazoanguka kutoka angani. Kila chombo kilikuwa sanduku bapa la alumini, refu kama mlango, ndani yake zimetandazwa nyaya mia moja na ishirini, kisha likajazwa gesi ya argoni. Vikikamilika, masanduku yangesafirishwa ng'ambo yakaunganishwe na mtambo mkubwa wa wanafizikia. Mkuu wa karakana, Dakta Imakulata, mama mnene mpole mwenye miwani ya kamba shingoni, alikuwa amechoka kuona nyaya zikikatikia mikononi mwa watu. Yasini alipomsimulia yaliyotokea Horohoro, akasema, "Nenda kamlete."

Mwanamkasi akaajiriwa. Alikaa meza moja na Anjela, msichana mchangamfu kutoka Muheza. Alipitisha waya kwenye tundu, akaning'iniza kijiwe cha kuukaza, akaubana, akahamia mwingine. Waya ukilegea umeme utaruka. Ukikazwa kupita kiasi utakatika, na ukikatika utalala juu ya wenzake na sanduku zima litakuwa bure.

Siku ya kujaribu sanduku lake la kwanza alisimama nyuma ya Yasini, ameuma pindo la ushungi.

"Mia tano," Yasini alisoma kwenye kompyuta, akipandisha umeme taratibu. "Elfu moja."

"Nikatoke nje?"

"Kaa. Elfu moja na mia nne."

"Yasini, mwanangu huyo! Mpandishe polepole."

"Elfu moja na mia nane."

Hakuna kilichoruka. Kwenye kioo pakatokea mstari mfupi wa kijani, kisha mwingine.

"Unaona? Chembe imepita. Inapopita ndani ya gesi inaacha vijichembe vya umeme, navyo vinaelea mpaka kwenye waya ulio karibu. Tukipima vimechelewa kiasi gani kufika, tunajua ilipita umbali gani na waya." Alikinga kiganja chake hewani. "Hata hapa zinapita. Kila sekunde moja hivi."

"Bila hodi?"

"Bila hodi. Kama wewe ulivyoniingia."

"Mwongo mkubwa!" alisema Mwanamkasi, lakini alikikinga kiganja chake kando ya kile cha Yasini, na wakakaa hivyo mpaka Anjela alipokohoa.

*

Mapenzi yao yakawa ya simu. Wakiwa kazini waliitana kwa heshima, Yasini kaka, Mwanamkasi dada. Wakitengana nusu saa tu, simu inalia.

Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikinyesha, Yasini alibaki kwenye chumba cha majaribio. Madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa mipira ili unyevu na chumvi ya bahari visiharibu nyaya. Ukutani kulikuwa na kipima hewa, kidude cheupe kinacholia oksijeni ikipungua. Kilikuwa kikilia ovyo tangu Jumanne. Yasini alikikagua kila kilipolia, akakuta hewa ni nzuri. Akaandika kwenye karatasi kwamba kinahitaji betri mpya.

Saa kumi na dakika tisa simu ikaita.

"Laazizi, umekula?" Mwanamkasi aliuliza kutoka Makorora.

"Nitakula kwako ukinialika."

"Nini hicho kinapiga mluzi? Sikusikii!"

"Kidude cha ukutani. Kimeharibika."

"Basi kizime, mpenzi. Nina neno la kukwambia sitaki kulipigia kelele, Mama yupo uani."

Yasini akanyoosha mkono akakizima. Neno lenyewe lilikuwa kwamba Mama ameanza kuuliza huyu Yasini ni mtoto wa nani. Yasini alirukaruka chumba kizima kwa furaha, akafunga mlango, akaenda zake. Kukiwasha akasahau.

Ijumaa mchana, wanaume walipokwenda msikitini na wengine kula, Mwanamkasi aliingia kwenye chumba kile kukagua sanduku lake la tatu. Bomba lililotoka kwenye mtungi wa gesi uliokuwa nje lilikuwa limechomoka kwenye maungio, nyuma ya meza, pasipoonekana. Argoni haina harufu wala rangi, wala haikeri koo. Mwanamkasi aliinama usawa wa sakafu kusoma namba ya sanduku, ambako gesi ilikuwa imetanda nzito kuliko hewa. Aliona ajabu kwamba namba zinaelea. Akataka kucheka. Kiti kikaanguka, naye akafuata.

Yasini alikuwa anarudi kutoka swala, bado amevaa kanzu, alipousikia mshindo wa kiti. Alichungulia kwenye kioo cha mlango, akaona ushungi wa machungwa sakafuni. Akatupa jicho ukutani: taa ya kile kidude haikuwaka.

Anjela alikuja mbio nyuma yake. "Ingia! Unangoja nini? Yasini, ingia!"

Hakuingia. Alikimbilia nje kwenye mtungi akafunga vali, akarudi akaisukuma milango miwili ikawa wazi kabisa, akawasha feni kubwa ya ukutani, kisha akasimama kizingitini, midomo inamcheza, macho yake hayambanduki Mwanamkasi. Anjela alipotaka kupita, alimdaka mkono akamshika kwa nguvu mpaka akalia. Ndipo alipovuta pumzi moja kubwa, akaibana, akaingia, akamburura Mwanamkasi kwa makwapa mpaka uani kwenye mvua.

Midomo yake ilikuwa ya bluu. Yasini alimwita, akampulizia pumzi, akamwita tena. Halafu Mwanamkasi akakohoa.

*

Alikaa hospitali siku mbili. Yasini alikuja kila saa ya kuona wagonjwa, akakaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji, hakuthubutu kuingia. Anjela ndiye aliyeingia.

"Shoga, nikufiche nini? Alisimama mlangoni anakutazama. Mimi nataka kuingia, yeye ananivuta. Tazama mkono wangu bado una alama."

Mwanamkasi alipotoka, simu ya Yasini ilimkuta ameketi barazani kwao.

"Nijibu jambo moja. Ni kweli ulisimama?"

Yasini akaanza kumuuliza hali yake.

"Yasini! Ulisimama, hukusimama?"

"Nilisimama."

"Ukinitazama?"

"Nikikutazama."

"Na kile kidude cha kulia, kilikuwa wapi?"

Yasini angesema kwamba kilizimwa, angeulizwa kwa nini kilizimwa, na Mwanamkasi angekumbuka ni nani aliyeomba. Hakutaka alibebe hilo.

"Kilikuwa kimeharibika," alisema. "Nisamehe."

"Usinipigie tena."

Mwanamkasi akakata. Kuanzia siku hiyo woga ukamvaa kama homa. Hakuweza kufunga mlango wa bafu. Mama alishika khanga mlangoni yeye akioga. Akishika kofia kudarizi, alijikuta anahesabu pumzi zake badala ya matundu. Simu ilipoita aliigeuza kifudifudi, na ilipoacha kuita aliitazama.

Wiki ya tatu Dakta Imakulata alikuja Makorora na bahasha.

"Nimeandika taarifa ya ajali, mwanangu. Isome, ukiridhika uweke sahihi. Yasini nimemsimamisha kazi. Alikuja mwenyewe kukiri asubuhi iliyofuata, kabla sijamwita mtu."

Mwanamkasi akasoma mpaka akafika kwenye maelezo ya Yasini. *Mimi nilizima kipima hewa siku ya Alhamisi, saa kumi na dakika kumi jioni, kwa uzembe wangu mwenyewe, na sikukiwasha. Hakuna mwingine anayehusika.*

Akasoma tena saa ile. Akachukua simu yake, akarudi nyuma kwenye orodha ya simu alizopiga mpaka akaifikia Alhamisi ile. Kumi na dakika tisa.

"Umekuwaje?" Dakta aliuliza. "Mbona umepauka?"

"Mimi ndiye niliyemwambia akizime," alisema Mwanamkasi.

*

Kesho yake alikwenda Pongwe, kwao Yasini. Alimkuta Yasini nyuma ya nyumba yao, amevaa fulana iliyotoboka begani, anamenya mihogo na mama yake. Alipomwona, kisu kikamwanguka. Mama mtu akaitikia shikamoo ya mgeni, akajitia kukumbuka kitu jikoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa umetoka kufufuka."

"Ulitaka nikuchukie?"

"Nilitaka ulale usingizi."

"Silali, Yasini! Silali." Alikuwa analia sasa. "Haya, la kidude nimelielewa. Lakini mlangoni pale. Kwa nini ulisimama?"

Yasini alielekeza kidole kwenye zege la mviringo lililofunikwa na nyasi, hatua chache kutoka walipokuwa.

"Hicho kilikuwa kisima chetu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kaka yangu Methusela, jina hilo alipewa na rafiki wa baba kutoka misheni, alishuka kukisafisha, na mashine ya kuvutia maji inaunguruma humo humo ndani, moshi wake umejaa. Akaanguka. Baba mdogo Haji alimwona, akavua shati akamfuata bila kuuliza. Akaanguka juu yake. Mimi nilikuwa nimeshika kamba. Mguu mmoja ulishaingia, Mama akanishika kiunoni. Nilikaa hapo juu mpaka walipotolewa wote wawili. Ile siku nilipokuona chini, nilijua kabisa: nikiingia gesi ikiwa bado imejaa, Anjela atanifuata, na tutakuwa watatu. Lakini kujua hakukunisaidia kitu. Kila nilipokutazama niliona kisima."

Mwanamkasi alikaa kwenye kigogo, karibu naye, lakini akaacha nafasi katikati. Kuku walipita. Baadaye alichukua kisu kilichoanguka, akakipangusa kwa pindo la buibui, akaanza kumenya mhogo.

"Dakta anasema nikiwa tayari nirudi," alisema. "Siwezi kuingia chumba kile peke yangu."

"Mimi sina kazi."

"Nimempelekea maelezo yangu. Nimeandika jina langu kando ya lako. Akitaka kufukuza, atufukuze wote."

"Mwanamkasi..."

"Ninaogopa kila kitu sasa. Ukiniacha peke yangu na hili pia, nitakuogopa na wewe."

Yasini aliweka mkono wake juu ya kigogo. Hakumgusa. Alisubiri, na vidole vya Mwanamkasi, vimejaa utomvu wa mhogo, vikaja vyenyewe.

*

Washenga walifika Makorora Jumamosi moja ya Januari, wazee wawili wenye kanzu nyeupe na kofia, wakakaribishwa kahawa na halua. Barua ya posa ikawekwa kwenye sinia. Mama yake Mwanamkasi hakuigusa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane wa miaka kumi, na tangu Novemba alikuwa amekonda zaidi.

"Msinielewe vibaya," aliwaambia. "Najua kijana hahudhurii siku kama ya leo. Lakini sifungui bahasha hii mpaka nimsikie mwenyewe. Nipigieni simu yake."

Wazee wakatazamana. Mmoja akapiga, akaiweka simu kwenye sinia, sauti ikatoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nakuuliza jambo, unijibu mbele ya wazee wako. Wamenieleza ulivyofunga gesi na kufungua milango. Hayo nimeyasikia. Ulipomaliza, ukasimama pale mlangoni. Ulikuwa unafanya nini?"

Nyuma ya pazia Mwanamkasi aliushika mlango kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nahesabu, Mama. Feni ilihitaji dakika moja kutoa gesi. Nilihesabu ili miguu yangu isikimbie."

"Isikimbilie ndani, au isikimbilie nje?"

Mzee mmoja aliinama kuiangalia simu kama imekatika.

"Kote kuwili, Mama," alisema Yasini.

Mama alikaa akiitazama ile simu. Kisha akajifuta mikono kwenye khanga, upande mmoja, halafu upande wa pili, akaichukua bahasha na kuichana taratibu kwa ukucha, kutoka pembe moja hadi nyingine.