Mashine Hushika Jina Moja

Walikutana kwa kukanyagana. Bandari ya Kasuku, mjini Kindu, ilifurika watu wa Alunguli, ng'ambo ya mto, na mihogo yao, kuku wao na magodoro yao, maana vita vilikuwa vimefunga reli na kila kitu kilipita mtoni. Falone, amevaa blauzi yake ya libaya ya manjano na liputa jipya kiunoni, alishuka mtumbwini akatua juu ya kiatu cha kijana mrefu aliyekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa blanketi.

"Mama, muguu yangu!"

"Mama ni nani? Umeona mvi hapa?"

"Pole, dada. Kanyaga tena, lakini usimuguse mutoto yangu."

"Mutoto gani? Hiyo ni mashine."

"Hii njo mutoto yangu. Weye utakuwa mama yake."

Falone alicheka, na msichana akishacheka bandarini, habari imekwisha. Kijana ni Valère, amesomea kompyuta Kisangani, na wote wawili walikuwa wanaelekea nyumba moja: chumba cha ujumbe, ambako Falone ndio kwanza ameajiriwa. Maneno ya waliokimbia vita yalisikika kwa foni, redio ya mawasiliano, kule Alunguli, yakaandikwa kwenye disketi, disketi ikavushwa mto. Falone aliiuliza mashine kama fulani ametuma neno. Sheria ya chumba ilikuwa kali: husomi ujumbe usio wako. Unaandika jina, unapewa kilichopatikana, basi.

Programu iliandikwa na Valère. Kila mtu huandika majina apendavyo, kwa hiyo alitumia kile mafundi wanachokiita regex: unaipa mashine umbo la jina, nayo inatafuta yote yanayofanana nalo. Kazi hiyo aliiazima kwenye maktaba ya C, ghala la vipande vya programu, kupitia mlango ambao hata wakati ule ulikuwa wa kizamani. Mlango huo ulishika jina moja tu. Ukibonyeza bila kuandika kitu, ulitafuta tena lile la mwisho.

"Unaona, sheri yangu?" Valère alimwambia, kidevu begani kwake. "Hata ukinyamaza, inakumbuka."

"Na weye, nikinyamaza?"

"Miye? Ntakutafuta mpaka mashine ione haya."

Walipendana kwa sahani moja ya sombe jioni na kwa utani. Kisha wenye silaha wakaanza kuuliza ni nani anayeongea na porini kwa foni, na jina la Valère likatajwa. Asubuhi ya kukimbia alipita chumbani, akaandika jina lake mwenyewe kwenye mashine.

"Sikiliza, mupenzi. Usiandike jina yangu hata siku moja. Wanasimama nyuma yako, wanasoma. Weye bonyeza tu, bila kitu. Itanitafuta."

"Na ukituma neno?"

"Unakuya machimboni, kule Kama, tunaoana. Usiponijibu, nitajua umenikataa."

Hapo ndipo alipokosea, mwanaume msomi. Programu aliijaribu nyumbani, peke yake, kwa jina moja. Alisahau kwamba Kindu nzima ilikuwa inamtafuta mtu.

Kila siku, kabla ya kufunga, aliingia Mama Aïcha, mjane wa Alunguli, kumuulizia mwanawe. "Fadhili yangu ametuma neno?" Falone aliandika Fadhili. Hakuna. Mama alijifunga ushungi akaenda zake. Falone, askari akichungulia mgongoni, alibonyeza bila kitu. Hakuna. Akarudi nyumbani analia. Miezi yote ile alikuwa anamtafuta mtoto wa mwenzake.

Na Valère alituma. Kutoka Kama, katikati ya wachimba dhahabu, alituma tena na tena: njia iko wazi, kuja. Hakujibiwa. Akawaambia wenzake kwamba mwanamke wa Kindu humpenda anayemlisha, akapanda kwenda Goma, akamwoa binti wa tajiri wa malori. Waswahili husema subira huvuta heri. Falone alisubiri, heri ikapitia barabara ya Goma.

Vita vilihama, watu hawakuacha kupotea. Chumba kilibaki, na Falone akajifunza C ili programu ya Valère isife. Wanaume walimposa; aliwaambia ana kazi. Mvi zilipoingia, maktaba ilitoa toleo jipya na mlango wa zamani ukang'olewa. Kizito, injinia wa shirika lililogharimia chumba, alimpigia simu kutoka Goma.

"Mama Falone, tupa ile ya zamani. Hakuna muntu anaitumia."

"Mama Aïcha anaitumia. Anabonyeza mwenyewe."

"Muntu mumoja?"

"Naye njo muntu."

Falone akaandika daraja la programu: nje mlango ule ule, ndani mtambo mpya. Siku ya kujaribu alibonyeza bila kitu, na ujumbe wote wa chumba, wa wazima na wa marehemu, ukamwagika kwenye kioo. Kumbe mlango mpya ukipewa utupu huleta kila kitu. Alifumba macho kwa ajili ya sheria, akazima, akatafuta maelezo ya ule wa zamani. Yalisema: ukipewa tupu, tumia lile la mwisho.

Alisoma. Akasoma tena. Akaelewa alikuwa anamtafuta nani miezi ile, akatoka nje.

Kisha alirudi, jina la Valère hakuthubutu kuliandika, akaandika kosa lile lile, kwa usahihi, katika daraja lake. Mama Aïcha alikuwa kipofu sasa. Falone alimwandikia Fadhili kabla hajaketi, na mama alibonyeza mwenyewe kitufe kile kimoja anachokijua, mara nyingi kadiri apendavyo, na kila mara mashine ilimtafuta mwanawe.

Msimu wa mvua Valère alirudi Kindu na mizigo ya baba mkwe, suti ya kijivu, tumbo mbele. Namba ya Falone aliipata bandarini.

"Ungali unaishi na mutoto yangu?" alisema kwenye simu.

"Sauti yako imenenepa."

"Na yako ingali tamu. Umeolewa?"

"Na mashine."

"Nilikutumia maneno kutoka Kama, Falone. Ulininyamazia kama umbwa."

Valère alikata simu. Kesho yake akaja chumbani mwenyewe, na Falone, amevaa libaya la manjano lililopauka, alimwonyesha. Aliandika Valère, kioo akikifunika kwa kiganja, kisha Fadhili, kisha akabonyeza bila kitu: mashine ikamtafuta Fadhili. Hakuhitaji kueleza, fundi aliona. Alikaa kitako.

"Ungeandika jina yangu," alisema baadaye.

"Ulinikataza."

"Ungekuwa na akili, ungeandika."

"Wangeniua, Valère."

Valère akamshika mkono, na Falone, Mungu amsamehe, hakuutoa. Alimpenda bado. Ndio ubaya wa mapenzi, hayana toleo jipya.

"Nikununulie nyumba hapa," Valère alinong'ona. "Goma pale iko mama wa watoto. Hapa weye."

"Nikuwe biro yako ya pili, bibi ya kando?"

"Nikuwe nakuona. Andika jina yangu, sheri. Sasa hakuna askari. Bonyeza."

Falone aliandika Valère. Akabonyeza, na ujumbe wa Kama ukatokea, mmoja baada ya mwingine: kuja, kuja, kuja. Walisoma pamoja, mashavu yakigusana, na kwa muda mfupi walikuwa wachumba.

Fimbo iligonga kizingiti. Mama Aïcha aliingia akipapasa ukuta.

"Falone, mwanangu, umeniwekea Fadhili?"

Vidole vya Falone vilikuwa juu ya vitufe.

"Muambie akuye kesho," Valère alisema chini kwa chini. "Ama utengeneze, ishike majina mbili. Ni kitu kidogo."

"Hii ni mlango wa zamani. Inashika moja."

"Falone."

Aliandika Fadhili. Maneno ya Kama yakatoweka kwenye kioo. Alimketisha mama, akauweka mkono wake juu ya kitufe, na mama akabonyeza.

"Hakuna, mama."

"Haya. Nabonyeza tena."

Valère alisimama, akafunga kifungo cha suti, akatoka bila kuaga. Baadaye simu ya Falone ililia mfukoni, ikalia, ikanyamaza. Mama Aïcha aliuliza kama hataipokea.

"Bonyeza, mama," Falone alisema, huku machozi yakimdondokea mapajani.